Tamthilia za Wanafunzi Si Mchezo wa Watoto

Kipindi cha televisheni kinachohusu wanafunzi hudharauliwa kabla hakijatazamwa. Mtu mzima akiona sare za shule na vijana wanaotaniana uwanjani, hushika rimoti akatafuta mpira au habari, akiamini hapo hakuna la kumfaa. Wenye vituo nao hukipangia saa za alasiri, wakati wakubwa bado wako sokoni au njiani. Wahakiki wachache tulio nao Kongo hawakigusi kabisa. Wino wao wameuhifadhi kwa muziki wa Kinshasa na filamu zinazoalikwa Ulaya. Dharau hiyo haina msingi. Chukua kazi ambazo televisheni imetoa katika miaka 30 iliyopita, ziondolee sifa za fedha na majina makubwa, ubakize uandishi peke yake: uhai wa maneno, ukweli wa wahusika, ujasiri wa mada. Utakuta tamthilia za vijana, zile zinazochekesha na kuliza ndani ya nusu saa hiyohiyo, zimezipita nyingi za watu wazima. Nadai zaidi ya hapo. Ubora huo haukuja kwa bahati, una sababu zake, na sababu hizo zote zipo Kisangani leo. Kinachokosekana ni tamthilia yenyewe.

Tuanze na jirani. Mwaka 2006 kituo cha Citizen cha Nairobi kilianza kurusha Tahidi High, hadithi ya shule ya sekondari ya kubuni yenye walimu wasioelewana, wanafunzi wenye pesa na wasio nazo, mapenzi ya kificho, vituko vya bwenini na adhabu zake. Waigizaji walikuwa vijana wasiojulikana. Lugha ilikuwa ya wanafunzi wenyewe wa Nairobi, Kiswahili, Kiingereza na Sheng vikipishana katika sentensi moja. Wengi waliiona kuwa burudani ya kupitisha muda, lakini tazama imezaa nini. Abel Mutua, aliyeigiza humo kama Freddy, aligeuka mwandishi wa mchezo huohuo, na leo ni miongoni mwa wasimulizi wanaosikilizwa sana Kenya. Sarah Hassan, aliyekuwa Tanya, amekuja kuwa mwigizaji mkuu wa Zora na kazi nyingine kubwa. Kituo hichohicho kilileta pia Machachari, ya watoto wadogo zaidi, na watazamaji wakawaona Baha, Govi na Almasi wakikua mbele yao mwaka hadi mwaka, sauti zikibadilika na miguu ikirefuka. Hakuna ufundi wa kughushi jambo kama hilo. Ni kweli kwamba Tahidi High ilikuwa na vipindi hafifu, hasa mchezo ulipoanza kuzeeka, na yapo maonyesho yaliyoigizwa kama watu wanaosoma ubaoni. Sidai kwamba kila tamthilia ya vijana ni nzuri. Nadai kwamba zikiwa nzuri, zinafika mahali ambapo tamthilia za wakubwa hufika kwa nadra.

Sababu ya kwanza ni shule yenyewe. Kwingineko mwandishi hulazimika kutafuta kisingizio cha kumkutanisha mtoto wa mkubwa wa forodha na mtoto wa mama anayeuza kwanga. Darasani wanakaa benchi moja kwa amri ya ratiba. Kila kinachoigawa jamii, iwe pesa, kabila, dini au lugha, hupita mlangoni asubuhi na kuitikia jina. Sababu ya pili ni umri. Mtu mzima wa kwenye tamthilia akisaliti, tunajua amekwisha kusaliti huko nyuma. Kijana husaliti mara ya kwanza, na bado hajajua kwamba jambo hilo litamuuma yeye pia. Tendo dogo kama kuazima daftari la rafiki usiku wa kuamkia mtihani na kutolirudisha linaweza kubeba hadithi nzima, kwa sababu kwa anayelitenda na anayetendewa ni kubwa kweli. Sababu ya tatu naiona kuwa kuu, nayo ni watazamaji. Sisi wakubwa tumezoea kuvumilia uongo wa televisheni: tajiri asiyeonekana akifanya kazi yoyote, mke anayeamka amepakwa rangi ya midomo, mahari ya kifalme katika nyumba isiyo na mlinzi. Kijana hana uvumilivu huo anapoonyeshwa maisha yake mwenyewe. Akimsikia mhusika wa miaka 16 anaongea kama mhubiri wa mazishi, ameshaondoka. Mwandishi wake basi hulazimika kusema kweli mstari kwa mstari, na anayelazimishwa kusema kweli kwa muda mrefu hivyo huishia kuandika vizuri.

Hapo ndipo kicheko kinapokutana na chozi bila kulazimishwa. Vijana huchekana msibani, hutaniana wakiwa na njaa, na hutoboa siri nzito katikati ya utani kwa sababu utani ndiyo njia pekee ya kuisema bila kuaibika. Tamthilia inayotaka kuwa huzuni tupu inawasingizia, na inayotaka kuwa kichekesho tupu pia inawasingizia. Kuandika mchanganyiko huo ni kazi ngumu kuliko kuandika mauaji na hukumu, kwa kuwa mauaji hujibeba yenyewe.

Norway, nchi isiyofanana nasi kwa karibu kila kitu, imetoa ushahidi ulio wazi sana. Shirika la utangazaji la umma la huko, NRK, lilimpa Julie Andem kazi ya kutengeneza tamthilia kwa ajili ya wasichana wa miaka 16. Kabla ya kuandika, alikwenda kuwahoji vijana na kuwasikiliza wanavyoishi, wanavyoogopa, wanavyosema. Hapo ikazaliwa Skam, iliyokwenda misimu minne kuanzia 2015 hadi 2017. Fedha zilikuwa kidogo na waigizaji walikuwa wapya. Vipande vyake viliwekwa kwenye intaneti wakati uleule jambo linapotokea katika hadithi: rafiki wakigombana Ijumaa usiku, kipande kinatoka Ijumaa usiku. Haukupita muda wakubwa nao wakawa wanaifuatilia, kisha Ufaransa, Italia, Ujerumani, Uhispania na nyinginezo zikaitengeneza upya kwa vijana wao. Walichonunua kutoka Norway kilikuwa hasa njia ya kufanya kazi: kwenda kwa vijana na kusikiliza kwanza, kalamu baadaye.

Mfano unaoihusu Kisangani kwa ukaribu zaidi, hata hivyo, uko Ireland ya Kaskazini. Lisa McGee aliandika Derry Girls, iliyorushwa Uingereza kuanzia 2018 hadi 2022, juu ya wasichana wanne na mvulana mmoja wa shule ya masista katika mji wa Derry miaka ya 1990, askari wakiwa barabarani na mabomu yakiripuka. Ni kichekesho cha kushika mbavu. Wasichana hawahangaiki na siasa. Wanahangaika na nywele, wavulana, safari ya shule na adhabu ya sista mkuu. Vita iko pembeni, kama ilivyo kwa vijana wengi wanaokulia vitani, mpaka kipindi cha mwisho cha msimu wa kwanza. Humo marafiki wanapanda jukwaani kucheza kwa furaha pamoja na mwenzao anayezomewa, na saa hiyohiyo nyumbani wazazi wamesimama kimya mbele ya televisheni inayotangaza mlipuko. Hakuna hotuba. Dakika chache hizo zinaeleza vizuri zaidi maana ya kukulia katika mji wa vita kuliko vitabu vingi vyenye tarehe. Na tamthilia nzima ilimalizika kwa wahusika kufikia umri wa kupiga kura na kuingia katika kura ya maoni ya Mei 1998 juu ya mkataba wa amani.

Sasa rudi Boyoma, yaani Kisangani. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu kwa siku sita, baada ya kukabiliana hapa Agosti 1999 na tena Mei 2000. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake nchini, vile vya Kisangani vikiwemo. Waliokuwa wanafunzi wa mitaa ya Makiso, Mangobo na Tshopo mwaka ule wa 2000 ndio wazazi wa wanafunzi wa leo. Katika nyumba moja kuna mama anayeshtuka mlango ukigongwa kwa nguvu, na binti wa miaka 15 asiyeelewa kwa nini mama haoni raha katika fataki za mwaka mpya. Na tangu 2023, mgogoro kati ya jamii za Wambole na Walengola umezileta mjini familia zilizokimbia vijiji vyao, watoto wao wakiwa wa umri wa kwenda shule. Mambo haya yameandikwa katika ripoti, na ni vizuri yameandikwa. Lakini ripoti haimwonyeshi kijana anayemficha rafiki yake mpya ukoo wake kwa sababu hajui atapokewaje, wala namna wawili hao wanavyoweza kucheka pamoja kabla ya kuogopana.

Uthibitisho kwamba maisha ya wanafunzi wa Kisangani yanatosha kuwa sanaa ya daraja la juu tunao tayari. Dieudo Hamadi, aliyezaliwa mjini hapa mwaka 1984, alitoa mwaka 2014 filamu yake ya ukweli Examen d'État. Inawafuata wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari wanaofukuzwa darasani kwa kushindwa kulipa primu ya walimu. Hawarudi nyumbani kulia. Wanaunda kambi yao katika nyumba ya kupanga, wanasoma pamoja usiku, wanagawana chakula na noti za masomo, wanatafuta baraka za wahubiri, na wengine wanatafuta majibu ya mtihani kwa njia za siri. Filamu ilituzwa katika tamasha la Cinéma du Réel la Paris. Ni kazi nzito, na ndani yake kuna mambo ya kuchekesha ambayo hakuna aliyeyapanga, kwa sababu vijana wanaolala chumba kimoja wakijiandaa na Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, hawawezi kukaa saa mbili bila kichekesho. Kila kitu ambacho tamthilia ya vijana inakihitaji kimo humo: lengo lenye tarehe, mahali pa kukutana, uhaba wa pesa, urafiki unaojaribiwa, wakubwa wanaotoza na wakubwa wanaopenda, na swali la haki na udanganyifu ambalo halina jibu jepesi. Kizuizi kilichobaki ni kwamba filamu ya ukweli huonekana mara moja na aghalabu mbali, lakini tamthilia hurudi kila wiki sebuleni.

Wapo watakaosema sanaa hii ni ya kigeni, hatuna mizizi yake. Historia inawakatalia. Kongo ina mapokeo marefu ya mchezo wa kuigiza wa televisheni, na kwa Kiswahili hasa tunaweza kumtaja Mufwankolo na kundi lake la Lubumbashi, waliochekesha na kukanya redioni na kwenye televisheni kwa miongo mingi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwafuata mwaka 1986 wakitengeneza mchezo juu ya mamlaka, na kitabu chake kilichotoka 1990 kinaeleza kwa undani walivyofanya kazi bila maandishi: wanakubaliana mada, wanagawana nafasi, wanabishana, wanajaribu, na maneno yanazaliwa kutoka kwa waigizaji wenyewe, Kiswahili cha Katanga kikichanganyika na Kifaransa. Hiyo ni njia ileile ya kusikiliza kwanza ambayo Norway inasifiwa kwayo, na ilikuwepo hapa kabla ya Andem kushika kalamu. Upungufu wa mchezo wetu wa televisheni uko kwingine. Umekuwa ni mchezo wa mume, mke, wifi, mchungaji na mchawi. Kijana huingia kama binti mjamzito, mtoto mwizi au mpwa mvivu, anahukumiwa, anatoka. Ni nadra kumkuta akiwa mtu ambaye macho yake ndiyo tunayoyaazima kutazama nyumba nzima.

Pingamizi zito zaidi ni la maadili: kwamba tamthilia hizi huwafundisha vijana mapenzi, ulevi na ukaidi. Wazazi wanaosema hivyo wanasukumwa na upendo, na hawastahili kubezwa. Hoja yao ilijaribiwa hadharani Afrika Kusini mwaka 1999, televisheni ya taifa ilipoanza kuonyesha Yizo Yizo kwa kushirikiana na wizara ya elimu. Ilionyesha shule ya mtaani ikiwa na magenge, dawa za kulevya na ukatili kama ulivyokuwa. Kelele zikafika hadi bungeni, wengine wakitaka ifungwe. Lakini watengenezaji hawakuvumbua hata uovu mmoja. Waliuchukua shuleni na kuuleta sebuleni, mahali ambapo mzazi alilazimika kuuona akiwa amekaa na mwanawe. Hilo ndilo linalotutia hofu sisi wakubwa kuliko hofu ya watoto kuiga. Binti wa Mangobo anayeahidiwa alama na mwalimu au simu na mfanyabiashara hakusubiri televisheni imfundishe kwamba watu hao wapo. Anachokosa ni kumwona mwingine akipita hapo, akikosea au akishinda, na kupata mwanya wa kulizungumza jambo hilo nyumbani kana kwamba linamhusu mhusika tu.

Na lipo pingamizi la upande wa pili: kwamba tamthilia za vijana Afrika ni mahubiri ya mashirika yaliyovikwa sare ya shule. Mara nyingi ni kweli, na zikiwa hivyo huwa mbovu. Ila tazama Shuga, iliyotengenezwa Nairobi na MTV mwaka 2009 kwa fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI. Msimu wa kwanza ulikuwa na vipindi vitatu tu, na Ayira, mhusika wake mmojawapo, aliigizwa na Lupita Nyong'o, miaka michache kabla ya kupata tuzo ya Oscar. Watengenezaji walimpa Ayira tamaa ya makuu, haiba na makosa, wala hawakumgeuza bango la hospitali. Tamthilia ilipohamia Nigeria, wachumi Abhijit Banerjee, Eliana La Ferrara na Victor Orozco waliipima kama dawa inavyopimwa. Walichukua maelfu ya vijana wa miaka 18 hadi 25 katika maeneo 80 ya mijini, wakawagawa kwa bahati nasibu, wengine wakaona Shuga na wengine wakaona tamthilia nyingine. Miezi kadhaa baadaye, walioiona Shuga walikuwa wamepima virusi vya UKIMWI karibu mara mbili ya wenzao, na miongoni mwa wanawake maambukizi ya klamidia yalikuwa yamepungua kwa asilimia 55. Muhimu kwa hoja yangu ni kwamba matokeo yalikuwa na nguvu zaidi kwa wale waliozama katika hadithi na kujiona ndani ya wahusika. Kwa hiyo mfadhili anayetaka ujumbe wake ufike anapaswa kumlipa mwandishi hodari, kisha ampishe. Mahubiri yakizidi, hadithi inapwaya, na ujumbe nao unakwenda na maji.

Suala la umeme na fedha ni halisi, ila si kubwa kama linavyosemwa. Umeme Kisangani hukatika, televisheni haziko kila nyumba, na vituo vya mjini, RTNC ya jimbo na Radio Télé Amani ya kanisa Katoliki zikiwemo, haviogelei katika pesa. Lakini vijana hawatazami tena kwa kungoja saa mbili za usiku. Wanatazama kwenye simu, kwa vipande vinavyopitishwa mkono kwa mkono na kutoka kadi hadi kadi, na Skam imeonyesha kwamba hadithi nzuri inaweza kukatwa hivyo bila kupoteza nguvu. Kipindi cha dakika kumi, kilichopigwa katika ua wa shule, chumba cha kupanga, gati la mitumbwi ya kwenda Lubunga na mgongoni mwa baiskeli ya toleka, hakihitaji studio. Kinahitaji watu waliofunzwa, na mji unao. Studios Kabako ya Faustin Linyekula, iliyohamia Kisangani mwaka 2006, imelea wasanii wa ngoma, jukwaa na picha. Chuo kikuu kina wanafunzi wanaoandika. Makundi ya maigizo ya parokia na ya shule hayajawahi kupungukiwa na vijana wa kusimama mbele ya watu. Kinachogharimu zaidi ni muda wa kuandika. Hapo ndipo fedha kidogo zilizopo ziende, kabla hata ya kamera, kwa sababu kamera ya simu itasamehewa na kijana anayetazama, lakini mazungumzo ya uongo hayatasamehewa.

Lugha nayo isigeuzwe kizuizi. Mwanafunzi wa hapa hujibu swali la prefe, mkuu wa shule, kwa Kifaransa, humnong'oneza jirani yake kwa Kilingala, na akifika nyumbani humwamkia bibi kwa Kiswahili. Tamthilia iache watu waongee hivyo, kila lugha mahali pake, kama Tahidi High ilivyofanya kwa ya kwao. Kuna vichekesho, na kuna maumivu, vinavyokaa katika kule kuhama lugha tu: msichana aliyetoka kijijini juzi, hodari wa hesabu, anayeonekana mjinga darasani kwa kuwa Kifaransa chake ni cha polepole. Mwandishi atakayempa huyo nafasi ya kwanza atakuwa ameanza vizuri. Mwaka wa masomo umekwisha kumchorea mpangilio: Septemba, wazazi wakihangaikia minervali, yaani karo, kwa kuwa elimu ya bure iliyoanza 2019 inaishia shule ya msingi; katikati, mitihani ya muhula, magonjwa, mvua, mapenzi na kufukuzwa darasani; mwishoni, Exetat, na siku zile ndefu za kungoja majibu, wakati kila simu ikilia nyumba nzima inasimama. Wafinalisti wa mwaka huu wanaweza kumwambia mengine yote, wakiulizwa.